Modi ya ardhini tunairuka darasani, halafu tunatumwa kujenga laini

Kwa wale msiosoma uhandisi leo mtanivumilia, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu tumalize ile mada ya laini za umeme zenye nyaya nyingi. Nitajitahidi kuandika kwa lugha ambayo hata mtu wa sheria au wa fasihi ataifuata. Ukishindwa niambie, ila usikimbie kabla ya kufika kwenye bembea.

Jambo lenyewe ni hili. Darasani tumefundishwa modi za usafiri wa mawimbi kama mchezo wa matriksi. Unapewa matriksi ya tatu kwa tatu, unatafuta thamani zake za aigeni, unatafuta vekta zake, unapiga mstari chini ya jibu, umeshachukua alama zako, unaondoka. Swali ni hilohilo kila mwaka, madesa yapo yanathibitisha. Halafu modi moja kati ya tatu, ile inayorudi kwa kupitia ardhini, inapewa sentensi mbili na kuwekwa pembeni: "hii ina hesabu ndefu, thamani yake mtapewa." Msimamo wangu ni kwamba tumegeuza mambo juu chini. Hiyo iliyowekwa pembeni ndiyo yenye kazi kubwa siku laini ikipata hitilafu, na ndiyo pekee ambamo nchi yetu yenyewe, yaani udongo na miamba yake, inaingia kwenye hesabu kwa nguvu. Zile nyingine mbili ni karibu zilezile ukiwa Dodoma au Denmark.

Haya, bembea. Chukua bembea mbili zilizofungwa kwenye tawi moja la mwembe, tawi lenyewe liwe jembamba la kutikisika. Sukuma moja, nyingine iache. Baada ya muda ile uliyoiacha inaanza kwenda yenyewe, na ile uliyoisukuma inapungua nguvu. Ukiangalia bembea moja peke yake huelewi kinachoendelea. Lakini kuna namna mbili za kuzisukuma ambazo haziharibiki: zote pamoja mbele, au moja mbele nyingine nyuma kwa nguvu sawa. Ukianza hivyo zitaendelea hivyohivyo mpaka zichoke. Hizo namna mbili ndizo modi. Basi! Lile neno aigeni linalotutisha ni la Kijerumani, maana yake "ya mwenyewe", yaani hizo ni namna za mfumo wenyewe, wala hazikuletwa na mwalimu.

Sasa weka nyaya mbili zinazofanana juu ya nguzo. Mkondo wa waya A unatengeneza usumaku unaoifikia waya B, na chaji za A zinavutana au kusukumana na za B. Kwa hiyo huwezi kuandika mlinganyo wa A bila kumtaja B. Milinganyo ya telegrafu ya Oliver Heaviside, ya miaka ya 1880, inabaki ileile ila kila herufi sasa ni matriksi. Hapo ndipo wenzetu wanapoanza kutoka jasho. Lakini ukichukua volti za A ukajumlisha na za B, jumla hiyo inasafiri peke yake kama waya mmoja wa kawaida. Ukitoa, tofauti hiyo nayo inasafiri peke yake. Modi ya jumla ina impedansi ya waya yenyewe kujumlisha ile ya kushirikiana, modi ya tofauti ina ya waya yenyewe kutoa ile ya kushirikiana. Kwenye modi ya tofauti mkondo unakwenda na A na kurudi na B, ardhi haihusiki sana. Kwenye modi ya jumla nyaya zote mbili zinasukuma upande mmoja, na mkondo lazima urudi kwa njia nyingine. Njia hiyo ni ardhi.

Ngoja niwape mfano wenye namba, maana ndio ulionifungua macho mimi. Laini ya kilomita 300. Tuseme modi ya tofauti inakwenda kilomita 295,000 kwa sekunde (hewani wimbi linakaribia kasi ya mwanga) na modi ya ardhini inajikokota kwa 240,000. Piga volti 1 kwenye A, B iache sifuri. Volti 1 na sifuri ni sawa na nusu ya "pamoja" ukijumlisha nusu ya "kinyume". Zinaondoka pamoja lakini hazifiki pamoja. Modi ya tofauti inafika baada ya milisekunde 1.02, modi ya ardhini baada ya milisekunde 1.25. Kwa hiyo kwa muda wa milisekunde 0.23 hivi, mtu aliyekaa mwisho wa laini anaona nusu volti kwenye A na HASI nusu volti kwenye B. Waya ambayo hakuna aliyeigusa! Modi ya ardhini ikishafika ndipo B inarudi kuelekea sifuri, tena siyo vizuri, kwa sababu modi ya ardhini inafika imechoka na kupondeka. Hakuna uchawi hapo, ni wasafiri wawili waliopanda magari yenye mwendo tofauti. Mngeniambia hivyo mwaka wa pili, ningesoma aljebra ya matriksi kwa moyo mmoja.

Na hii laini ya nyaya mbili siyo ya kubuni. Ile laini ya mkondo mnyoofu kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, mpaka Suswa, Kenya, iliyoanza kazi mwaka 2022, ina zaidi ya kilomita 1,000, kilovolti 500 chanya upande mmoja na 500 hasi upande wa pili, na imejengwa kubeba megawati 2,000. Nguzo ileile inabeba pande zote mbili, ndiyo hadithi yetu ya A na B kabisa. Radi ikipiga upande mmoja, upande wa pili nao unatikisika. Laini za aina hii zinaweza kulindwa kwa kusikiliza modi: wimbi la modi ya tofauti linasema hitilafu imetokea, na alama ya wimbi la ardhini, chanya au hasi, inasema ni upande upi. Linganisha na ile ya Cahora Bassa ya Msumbiji, kilomita 1,420 hivi mpaka Afrika Kusini. Kule waliweka chanya kwenye mstari wake wa nguzo na hasi kwenye mstari mwingine, karibu kilomita 1 kati yao. Bembea mbili kwenye miti miwili. Ni gharama, lakini upande mmoja ukianguka, wa pili unaweza kuendelea huku ardhi ikiwa njia ya kurudi.

(Kwa watu wa kompyuta mnaodhani hii ni ya nguzo tu: kebo ya intaneti ina jozi nne za nyaya, na data inakwenda kwa modi ya tofauti ndani ya kila jozi. Kile kisanduku cha waifai kilicho kwenye dari ya bweni, kama hakijachomekwa ukutani, kinakula umeme kupitia kebo hiyohiyo, na mara nyingi ni kwa modi ya jumla: waya zote mbili za jozi moja zinasukuma pamoja, mkondo unarudi kwa jozi nyingine. Data na chakula kwenye nyaya zilezile, havigombani kwa sababu ni modi tofauti. Mnaotukana waifai usiku mngeanza kwa kuiheshimu kwanza.)

Turudi kwenye fezi tatu. Nyaya tatu na ardhi zina modi tatu. Charles Fortescue mwaka 1918 alionyesha namna ya kuzivunja kwa vekta zinazozunguka: chanya, hasi na sifuri. Edith Clarke naye, ambaye baadaye alikuwa profesa mwanamke wa kwanza wa uhandisi wa umeme Marekani, akaeneza ile ya alfa, beta na sifuri kwenye kitabu chake cha 1943. Hapa kuna ugomvi wa kila mwaka kwenye diskasheni: "mbona kitabu hiki kina vekta hizi na kile kina zile, nani mwongo?" Hakuna mwongo. Kama fezi zimebadilishana nafasi njiani ili zilingane, modi mbili za hewani zina thamani moja ya aigeni, na thamani ikijirudia unaruhusiwa kuchagua vekta zozote mbili ndani ya bapa lile. Angalia kwamba ya tatu haibadiliki. Ni 1, 1, 1, zote pamoja, ile ya ardhini, na wote wawili wameiita sifuri. Nahisi jina hilo ndilo limeiponza, mtu akisikia sifuri anadhani haina kitu, teh teh. Fezi zisipobadilishana nafasi, vekta zenyewe zinahama kadiri frikwensi inavyobadilika, na L. M. Wedepohl aliandika mwaka 1963 jinsi ya kushughulika nalo kwa matriksi. Huko siendi leo.

Sasa kwa nini nasema ndiyo yenye kazi? Kwa sababu hitilafu nyingi za laini za juu ni za fezi moja kufika ardhini. Tawi, radi, kikombe kilichopasuka, tai aliyetanua mabawa pasipofaa. Mkondo wa hitilafu hiyo unarudi kwa ardhi, na rilei iliyoko kwenye kituo cha kupozea umeme inakisia umbali wake kwa kutumia namba ya modi ya ardhini uliyoiwekea wewe mhandisi. Ukiiwekea namba ya uongo, itakisia uongo.

Uongo kiasi gani? Nimekaa nikapiga hesabu mwenyewe. John Carson mwaka 1926 alitoa hesabu ya mkondo unaorudi kwa ardhi, na wahandisi wakairahisisha: ichukulie kama kuna waya wa kufikirika chini ya ardhi, kina chake ni mita 658.5 mara kipeuo cha pili cha ukinzani wa udongo ukigawanya kwa frikwensi. Kwa udongo wa omu-mita 100 na hezi 50, kina ni mita 931. Kwa udongo wa 1,000, ni mita 2,945. Nikachukua laini ya kubuni ya kilovolti 220, umbali wa wastani kati ya fezi mita 7, nusu kipenyo cha kimahesabu cha waya sentimita 1, fezi zimebadilishana nafasi, hakuna waya wa radi juu, na ukinzani wa waya nikauacha ili hesabu ibaki nyepesi. Modi za hewani: omu 0.41 kwa kilomita, udongo uwe wowote. Modi ya ardhini: omu 1.33 kwenye udongo wa 100, omu 1.55 kwenye udongo wa 1,000.

Weka rilei kwa 100 wakati laini inapita kwenye 1,000. Hitilafu ya fezi moja, laini inalishwa upande mmoja, rilei itaona umbali umeongezeka kwa asilimia 10 hivi. Iliyoko kilomita ya 75 itaonekana iko 82 na nusu. Kama laini ni ya kilomita 100 na kanda ya kwanza imewekwa asilimia 80 kama ilivyo desturi, rilei iliyotakiwa kukata papo hapo itasema "hii siyo yangu" na kusubiri zamu ya kanda ya pili, ambayo kwa kawaida ni sekunde 0.3 au 0.4. Mtasema sekunde 0.4 ni nini. Ni mizunguko 20 ya umeme wa hezi 50, mkondo wa hitilafu ukimwagika udongoni kwenye mguu wa nguzo, na mtu anayepita pale na mbuzi wake ana mguu mmoja hapa na mwingine pale, na kati ya miguu hiyo kuna volti. Laini halisi zina waya wa radi juu, ambao unapunguza tofauti hii niliyoipata, sikatai. Unapunguza, hauiondoi.

Rafiki yangu mmoja, tena kichwa kweli darasani, ananiambia: "Kaka, unajisumbua, programu inafanya yote." Ni kweli inafanya. Inatafuta modi zote kwa kufumba na kufumbua, hata kwa frikwensi 1,000 tofauti. Lakini ina kisanduku kimoja kidogo kinachouliza ukinzani wa udongo, na mara nyingi utakuta 100 imeshakaa mle inakusubiri. Mtu anabonyeza endelea. Ile 100 ni namba ya kitabuni, ya udongo wa wastani usio na kwao. Sasa fikiria laini yetu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, kilomita 670. Katikati ya nchi pale umekaa juu ya miamba ya kale sana, granaiti, ile mnayoiona imejipanga kama mayai ya jitu ukisafiri kwa basi. Granaiti kavu ukinzani wake unahesabiwa kwa maelfu ya omu-mita. Pwani, penye mfinyanzi na maji ya chumvi, ni makumi au chini ya hapo. Huwezi kuvaa namba moja nchi nzima kama sare ya shule.

Na hapa kuna kitu ambacho nadhani ni kizuri kuliko vyote kwenye mada hii, na hakimo kwenye slaidi zetu. Kile kina cha waya wa kufikirika kinategemea frikwensi. Kwenye hezi 50 ni mita 931. Kwenye wimbi la radi, tuseme kilohezi 100, kwa udongo uleule ni mita 21 tu. Maana yake modi ileile moja inatazama nchi mbili tofauti. Radi inaona udongo wa juu, ule unaolowa masika na kukauka kiangazi. Umeme wa kawaida unaona mwamba wa chini, ambao hata habari za mvua hana. Kwa hiyo ukichukua vyuma vinne, ukavichomeka ardhini kwa mstari kwa njia ya Wenner ya mwaka 1915, nafasi kati yao mita chache, ukapima, umejua kitu cha maana sana kuhusu mguu wa nguzo na radi, lakini hujajua impedansi ya hezi 50 ya laini nzima. Kwa hiyo ya pili inabidi upime laini yenyewe kabla haijawashwa: unaunganisha fezi tatu pamoja, unasukuma mkondo, unauacha urudi kwa ardhi, unasoma volti. Kitendo hicho ni ile vekta ya 1, 1, 1 mnayoiandika kwenye mtihani. Ndiyo hiyohiyo, na kebo mkononi.

Kwa hiyo mimi ninachokitaka ni kidogo. Mada ianze na nyaya mbili na kipimo cha saa, nani kafika kwanza na nani kachelewa, kabla ya mtu kuandika matriksi ubaoni. Modi ya ardhini ipewe kipindi chake kizima, na mtu wa jiolojia aalikwe, idara yao haiko mbali, tunakutana nao kila siku kwenye foleni ya wali maharage. Na swali la mtihani lisiwe "tafuta vekta za aigeni" tu. Liwe: laini hii inapita hapa na hapa, namba ya rilei utaiweka ngapi, na kwa nini? Najua hoja ya upande wa pili, muda hautoshi, muhula ni wiki chache na bado kuna maabara. Sawa. Ila tumetumia wiki mbili kuvunja matriksi kwa mkono ambazo programu inavunja kabla hujakohoa, wakati kile ambacho programu haikijui hatukukigusa.

Nasikia wengine mnaogopa kwamba tukilalamika mtihani utakuwa mgumu zaidi na watu watakula sapu. Inawezekana. Lakini mwaka kesho kutwa wengine wetu tutakuwa tumepewa kofia ngumu na kompyuta ya rilei, na kile kisanduku kitakuwa kinatusubiri na 100 yake.

Kwa sasa sisi watu wanne tumeamua kuanza wenyewe. Jumamosi saa 3 asubuhi, uwanja ulio nyuma ya karakana, vyuma tumeshachonga, kamba ya kupimia ipo. Tutapima nafasi za mita 1, 2, 5 na 10, tuone udongo unabadilikaje ukishuka chini, halafu tutarudia masika tulinganishe. Wa mwaka wa kwanza mnakaribishwa, hamtaulizwa matriksi. Kinachokosekana ni mita yenyewe: ya maabara imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Mwenye ya kuazima aandike hapo chini.